Shokapu ngumu kwa mwendeshaji mwepesi: dalili, sababu na pa kuanzia

Pikipiki nyingi tunazoendesha huku Moshi na Arusha, za cc 100 hadi 150, zimetengenezwa zibebe watu wawili na mzigo juu yake. Springi zake zimepimwa kwa kazi hiyo. Mtu wa kilo 45 au 55 akipanda peke yake, springi ni kama haijamwona. Akilalamika anaambiwa, "Dada, bado mpya hiyo, itazoea." Mimi nina kilo 51, na miaka miwili ya kwanza nilipanda na kushuka Uru nikiumwa kiuno, nikiamini ndivyo pikipiki zilivyo. Sivyo. Sehemu kubwa ya maumivu yale iliondolewa na geji ya upepo, spana moja na futi kamba ya fundi cherehani.

Haya ni malalamiko ninayoyasikia tena na tena kutoka kwa waendeshaji wepesi: walimu, manesi, wauza mboga, vijana waliopata leseni juzi. Kwenye kila dalili nimetanguliza sababu inayotokea zaidi. Tafadhali usiruke hatua. Wapo walionunua shokapu mpya za nyuma huku tairi limejazwa upepo wa kubebea magunia, na shokapu mpya zikarusha vilevile.

Kabla ya kushika spana: pima pikipiki inavyozama

Vipimo ni vitatu, vyote vya nyuma, na unahitaji watu wawili wa kukusaidia.

Cha kwanza: pikipiki iwe kwenye stendi kubwa, tairi la nyuma likining'inia bila kugusa chini. Bandika kipande cha tepu kwenye mkia wa pikipiki, wima juu ya ekseli, kisha pima kutoka katikati ya ekseli hadi kwenye tepu. Cha pili: ishushe, mmoja aishike wima, ibonyeze mara mbili tatu, iache itulie, upime tena. Cha tatu: panda wewe, na helmeti, koti na begi lako la kila siku, miguu yote miwili juu ya vikanyagio. Mmoja ashike usukani, mwingine apime.

Cha kwanza ukitoa cha pili, unapata jinsi pikipiki inavyozama kwa uzito wake yenyewe. Nakiita kuzama tupu. Cha kwanza ukitoa cha tatu ni kuzama na mtu. Kwa pikipiki hizi, ambazo gurudumu la nyuma lina mwendo wa kama milimita 100 hivi, kuzama na mtu kuwe kati ya robo na theluthi ya mwendo huo, yaani milimita 25 hadi 35. Kuzama tupu kuwe milimita 5 hadi 15.

Vipimo vyangu vya siku ya kwanza: tupu milimita 4, nikiwa juu yake milimita 16. Yule aliyekuwa nayo kabla yangu alikuwa akibeba abiria na mizigo, na kikombe chenye ngazi kilichopo kwenye shokapu, kile kinachoshikilia springi na kuibana zaidi kila kikipandishwa ngazi, kilikuwa ngazi ya nne kati ya tano. Nikakishusha hadi ya kwanza, pande zote mbili. Vipimo vikawa tupu milimita 13, nikiwa juu yake milimita 25.

Angalia namba hizo tena. Kabla, tofauti kati ya tupu na mtu ilikuwa milimita 12. Baada, ni 12 ileile. Hizo 12 ndizo uzito wangu unavyoibonyeza springi, na kikombe hakikuzigusa. Fundi akikuambia "naikaza" au "nailegeza springi", anachobadilisha ni kimo ambacho pikipiki inakaa. Ugumu wa springi uko kwenye unene wa waya, upana wa mzunguko na idadi ya mizunguko, na hivyo havibadilishwi kwa spana. Ukilielewa hili, utajua kwa nini baadhi ya matatizo hapa chini yanaisha kwa dakika kumi na mengine hayaishi mpaka springi yenyewe ibadilishwe.

"Kila tuta linanirusha kutoka kwenye siti"

Anza na upepo, tena asubuhi tairi likiwa la baridi. Pikipiki nyingi za aina hii zinataka karibu psi 25 (psi ni kipimo cha upepo kwenye geji) mbele na 28 nyuma ukiwa peke yako, na nyuma 32 hivi ukibeba mtu. Soma kibandiko kwenye kifuniko cha cheni au kitabu chake, maana ndicho chenye neno la mwisho. Sasa nenda kwa fundi wa pancha yeyote, mwambie "nijazie". Atakujazia 40, kwa sababu wateja wake wote ni watu wa mizigo. Tairi la psi 40 chini ya mtu wa kilo 50 ni jiwe. Nunua geji yako mwenyewe. Usishuke chini ya kiwango cha kibandiko ukitafuta ulaini zaidi: kwenye mawe ya kupandia Kibosho au Uru, rimu itabana tyubu na kuitoboa, na rimu yenyewe inaweza kupinda.

Upepo ukiwa sawa, angalia kikombe chenye ngazi. Kinazungushwa kwa spana yenye kulabu, na mara nyingi iko kwenye vifaa vilivyokuja na pikipiki. Safisha matope kwanza, piga mafuta kidogo, usitumie patasi na nyundo. Pande zote mbili ziwe ngazi moja. Upande mmoja ukiwa wa kwanza na mwingine wa tatu, mkono unaobeba gurudumu, ambao mafundi wanauita swingamu, unajipinda kila ukipita shimo.

Bado ngumu? Kagua msuguano. Bushi (vipande vya duara vinavyokaa kwenye maungio) za swingamu na za macho ya shokapu, yaani matundu yanayopita boliti zake, zikikauka, au mtu akikaza nati za shokapu kupita kiasi, gurudumu linashindwa kupanda na kushuka lenyewe. Bonyeza siti polepole kwa mikono miwili. Ikishuka kwa kukwama-kwama, au ikibaki chini kidogo kabla ya kurudi, hapo ni msuguano. Kufungua na kupaka grisi ekseli ya swingamu ni kazi ya fundi mwenye stendi nzuri. Si ya kufanya barazani ukiwa umeegemeza pikipiki kwenye mwembe.

Sababu ya nne ni ya walionunua pikipiki iliyokwisha tumiwa na mtu: springi za nyongeza, au shokapu nene zilizofungwa kwa ajili ya mizigo. Zikague kwa macho na ulinganishe na pikipiki nyingine ya aina hiyohiyo pale kijiweni.

Ya mwisho ni springi ya kiwandani kuwa ngumu kwa uzito wako. Utaijua hivi: kikombe kiko ngazi ya chini kabisa na bado kuzama na mtu hakufiki milimita 25, au kunafika, lakini kuzama tupu kumekuwa kukubwa na tofauti kati ya viwili hivyo ni ndogo, kama yangu. Dawa ni springi laini zaidi zenye urefu uleule, au shokapu za pikipiki ndogo zaidi zenye urefu uleule kutoka jicho hadi jicho na bushi zinazoingia boliti zako. Mimi sijabadilisha. Mama yangu nampeleka sokoni Kiborloni kila wiki, na springi laini zingegonga chini tukiwa wawili. Anayeendesha peke yake siku zote, ningemshauri abadilishe bila kusita.

Usikubali springi ikatwe. Hili linafanyika, na nimeliona kwa macho. Springi iliyopunguzwa mizunguko inakuwa fupi, ndiyo, lakini inakuwa ngumu zaidi ya ilivyokuwa. Kuichoma kwa moto wa gesi ili "ilegee" kunaua chuma, na siku moja itakatika ukiwa kwenye mteremko.

"Nyuma panatambaa kwenye rasta, na nikishika breki tairi linaburuzika"

Kwenye rasta (vituta vidogo vilivyofuatana) za barabara kuu ya Moshi–Arusha, au changarawe ya Moshono na Olasiti, pikipiki inacheza mkia kushoto na kulia kama imeguswa. Watu wanadhani tairi limeisha. Huenda, litazame. Lakini kwa mtu mwepesi, sababu ya kwanza ni upepo uliozidi, na ya pili ni pikipiki isiyozama kabisa.

Gurudumu lina kazi mbili. Linapopanda tuta linakunja shokapu, na hilo kila mtu analijua. Linapofika shimoni linatakiwa lishuke litafute chini, na haliwezi kushuka kama shokapu tayari imenyooka hadi mwisho. Kuzama tupu kukiwa sifuri, kila shimo ni sekunde ndogo ambayo tairi liko hewani, na tairi lililoko hewani halisukumi wala halishiki breki. Ndiyo maana nakazania vile vipimo vitatu.

Ukisikia "tak!" kutoka nyuma mara tu baada ya kuvuka tuta, ni shokapu inayonyooka na kugonga mwisho wake wa juu. Shusha ngazi. Sauti ikiendelea hata kikombe kikiwa chini kabisa, shokapu imepoteza mafuta ya ndani; soma sehemu ya kudunda.

Swingamu yenye bushi zilizokwisha nayo huchezesha mkia. Weka stendi kubwa, shika tairi la nyuma, livute kushoto na kulia. Kama kuna mchezo unaousikia mkononi, tafuta kama unatoka kwenye beringi za gurudumu au kwenye swingamu. Vyovyote vile acha kuiendesha mpaka fundi aione.

"Mbele panagonga mikono, vidole vinakufa ganzi"

Hapa ndipo pana makosa mengi ya mafundi wetu, na nasema bila kuwachukia, maana wengi hawajawahi kuhudumia mteja mwepesi.

Upepo wa mbele kwanza, kama kawaida. Kisha shika breki ya mbele na usukume usukani chini kwa uzito wa mwili. Shokapu za mbele zishuke laini na zirudi laini.

Zikikwama-kwama, jiulize kama umeziba pancha ya mbele karibuni. Fundi wa pancha anarudisha gurudumu likiwa hewani na kukaza nati ya ekseli hapohapo. Miguu miwili ya shokapu inavutwa ndani au kusukumwa nje, na mabomba yanaminyana. Legeza nati ya ekseli, na boliti ya kubana kama ipo. Shusha pikipiki chini, shika breki ya mbele, pampu usukani mara tano au sita ili miguu ijipange yenyewe, kisha kaza nati huku pikipiki ikiwa chini. Zungusha gurudumu, jaribu breki, ndipo uondoke. Jirani yangu wa Rau alikuwa ameshatenga fedha za shokapu za mbele. Hii ndiyo iliyomponya, na haikugharimu kitu.

Zikishuka laini lakini kwa uzito, kama unasukuma pampu ya kisima, tatizo ni mafuta. Niliwahi kupeleka pikipiki ibadilishwe oili sili za mbele, yaani mipira inayozuia mafuta ya shokapu yasivuje. Ilirudi imekuwa kama fimbo. Nilivumilia wiki nzima, kisha nikamrudia fundi na kumwomba tufungue mguu mmoja mbele yangu. Yaliyomwagika kwenye beseni yalikuwa oili ya injini, 20W-50, nzito mno kwa shokapu. Akaniambia kwa ukweli kabisa: "Ndiyo ninayoweka zote, na boda hawalalamiki." Hawalalamiki kwa sababu wana kilo 80 na abiria nyuma. Pikipiki nyingi za aina hii huandikiwa oili ya shokapu ya 10W hivi, na kitabu kinasema ni mililita ngapi kila mguu. Nilinunua, akapima kwa bomba la sindano, sawasawa kulia na kushoto, na nilipofika nyumbani mikono ilikuwa haina ganzi.

Kiasi nacho kina maana yake. Mafuta yakizidi, nafasi ya hewa juu yake inapungua. Hewa hiyo ikibanwa inageuka springi ya pili, na shokapu inakataa kushuka sehemu ya mwisho ya mwendo wake. Mtu mwepesi hahitaji springi ya pili. Wa Ngaramtoni na wengine wa juu, mnaoondoka alfajiri mwezi wa Julai, mtakuta mbele pazito kilomita za mwanzo kwa sababu ya baridi. Hilo ni la kawaida kama linaisha baada ya mafuta kupata joto.

Tahadhari: kifuniko cha juu cha shokapu ya mbele kinakandamizwa na springi. Kikifunguliwa bila kushikiliwa kinaruka, na kinaweza kukung'oa jicho. Aidha pikipiki iinuliwe ili mbele pasibebe uzito. Kama hujawahi kuifanya, mwachie fundi, wewe simama pembeni na chupa yako ya oili.

Sababu ya mwisho ni mabomba yaliyopinda baada ya ajali au shimo kubwa. Dalili yake ni usukani kukaa upande ukiwa unaenda moja kwa moja. Hapo hakuna kujaribu chochote nyumbani.

"Inadunda kama mpira, haitulii"

Bonyeza siti kwa nguvu uiachie. Ipande mara moja, itulie. Ikipanda, ikashuka, ikapanda tena, kizuizi cha ndani ya shokapu, kinachotuliza springi, kimekufa. Tazama kama bomba la shokapu lina mafuta yaliyoshikana na vumbi. Shokapu nyingi za nyuma za pikipiki hizi zimefungwa moja kwa moja kiwandani. Hazifunguki, zinabadilishwa, tena zote mbili kwa pamoja. Zenye gesi ndani zisitobolewe wala kuchomelewa na mtu yeyote.

Kuna hali moja inayowachanganya wepesi: shokapu nzima kabisa, lakini inakupiga kwa chini mara tu baada ya tuta. Ni springi ngumu iliyobanwa ikirudi kwa nguvu kuliko uzito unaoizuia. Kushusha ngazi kunasaidia kidogo. Dawa kamili ni springi laini.

Mafuta yanavuja mbele

Kama ni ukungu mwembamba tu kwenye bomba, huenda ni matope yaliyoingia mdomoni mwa sili, hasa baada ya masika. Inua kifuniko cha vumbi. Kata ukanda mwembamba wa plastiki kutoka kwenye chupa ya maji, uulainishe kingo, uuingize kati ya bomba na sili na uuzungushe taratibu. Utatoka na uchafu mweusi. Futa, pampu mara kumi, uangalie. Kama bado panavuja, ni sili mpya. Kama mafuta yamefika kwenye diski au ndani ya ngoma ya breki, usiiendeshe hata hadi kwa fundi, mwite aje.

"Miguu haifiki chini"

Wengi wetu wepesi ni wafupi pia, na hapa ndipo pikipiki nzuri zinaharibiwa. Kushusha kikombe chenye ngazi kunakupa karibu sentimita moja, halali kabisa. Siti inaweza kupunguzwa sponji na fundi wa masiti, na mimi ndivyo nilivyofanya. Pembeni, pale mapaja yanapopita, ndipo panaposaidia zaidi kuliko katikati.

Kufunga shokapu fupi nyuma peke yake kunabadilisha tabia ya usukani, kunafanya stendi ya pembeni isimamishe pikipiki wima mno hadi iangukie upande wa pili, na kunalaza injini karibu na mawe. Kupandisha mabomba ya mbele kwenye vibano vyake zaidi ya milimita chache kunafanya usukani uwe mwepesi kupita kiasi kwenye mteremko. Yeyote anayetaka kushusha zaidi ya hapo amtafute fundi atakayeshusha mbele na nyuma kwa uwiano, na ahakikishe shokapu ikibonyea hadi mwisho tairi haligusi madigadi.

Sauti ya "kok" unaposhika breki ya mbele

Hii siyo ya shokapu mara nyingi. Ni gololi za shingo ya usukani zimelegea. Inua mbele, shika miguu ya shokapu kwa chini, vuta na sukuma. Kukiwa na mchezo, au usukani ukishika katikati kama una kituo, simama hapo. Fundi, leo.

Nikibeba mtu je?

Kila nikimpakia mama napandisha kikombe ngazi mbili pande zote na kuongeza upepo wa nyuma hadi 32. Spana ya kulabu naiweka chini ya siti, imefungwa kwa kitambaa isigonge. Kama ni usiku natazama na mwanga wa taa, maana nyuma pakizama taa inapanda kwenye macho ya wanaokuja. Tukirudi, anashuka getini na kapu lake, nami kabla ya kuingiza pikipiki ndani narudisha ngazi ya kwanza, na asubuhi tairi likiwa la baridi natoa upepo hadi 28.